Mwongozo kamili: kuandaa mkesha wa usharika ambao watu watakaa mbele za Mungu mpaka kuche

Mkesha mwingi hufia kati ya saa 7 na saa 9 usiku. Nusu ya watu wamelala juu ya mabenchi, kwaya ya tatu inaimba huku spika zikikwaruza, mama mwenye mtoto anahangaika kutafuta pa kumlaza, na kijana wa mitambo yuko chini ya meza anatafuta waya. Asubuhi watu wanarudi makwao na usingizi na koo zilizokauka. Wiki inayofuata neno ni lile lile: "Safari hii Mungu hakushuka."

Ukichunguza, kosa mara nyingi lilifanyika wiki tatu kabla, au saa 10 jioni ya siku yenyewe wakati mabenchi yanapangwa. Uwepo wa Mungu hautoki kwenye mitambo, wala hauletwi na kelele au urefu wa usiku. Yeye ameahidi kuwapo walipo wawili au watatu kwa jina lake (Mathayo 18:20). Wanaohitaji kuandaliwa ni sisi: mioyo iliyopatana, masikio yaliyotulia, miili isiyoteswa bure, na muda usioliwa na matangazo.

Vipimo vilivyomo humu ni vya watu 100, kwenye jengo la kawaida la bati na mabenchi, Ijumaa saa 3 usiku hadi Jumamosi saa 12 asubuhi. Mkiwa 30, gawanyeni vipimo kwa tatu, ratiba ibaki hivyo hivyo. Msikatishe mkesha saa 9 usiku: mtawatoa akina mama na mabinti barabarani gizani, na bodaboda wa saa hizo si wa kumkabidhi mtu wako. Ama mmalize saa 4 usiku, ama mwende mpaka kuwe kweupe.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Maji ya kunywa lita 100, yaani ndoo 5 za lita 20 zenye mifuniko na koki, na vikombe vya kutosha.
- Chai ya tangawizi lita 30, kikombe kimoja cha mililita 300 kwa kila mtu: majani gramu 150, tangawizi mbichi gramu 300, sukari kilo 2. Sukari ikae kando, kila mtu ajitilie, kwa ajili ya wenye kisukari. Badala ya chai mnaweza kupika uji: unga wa ulezi au mtama kilo 3 kwa lita 30 za maji.
- Mikeka 15 na mablanketi kwa watoto na wazee.
- Taa 4 za kuchaji au za sola, hata kama umeme upo. Mishumaa isiwekwe karibu na watoto waliolala.
- Mikrofoni 1 na stendi yake. Moja tu, zikiwa tatu, usiku unageuka mashindano ya sauti.
- Saa ya ukutani kubwa, Biblia 10 za ziada, kalamu 30, na karatasi 25 za A4 zilizokatwa vipande vinne vinne ili kupata kadi 100.
- Sanduku la huduma ya kwanza, simu yenye salio, na gari moja ambalo dereva wake amekubali kukesha. Gari "litakalopigiwa simu" halihesabiki.
- Taa ya njia ya chooni, maji na sabuni.

Kama mnatumia jenereta, ikae nje, mita 7 au zaidi kutoka dirisha lolote, bomba la moshi likitazama mbali na jengo. Moshi huo una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Isiwekwe barazani hata mvua ikinyesha; ijengeeni kibanda kidogo cha bati huko huko iliko, kilicho wazi pande zote.

## Watu na kazi zao

Kiongozi wa usiku awe mmoja, na asiwe mchungaji. Mchungaji anatakiwa awe huru kusikiliza watu, na mtu anayeshika ratiba hawezi kumsikiliza mama anayelia kwenye kona.

Mtunza muda awe mtu asiyeogopa kumgusa bega mzee anayezidisha dakika. Ongezeni wasomaji 6 waliofanya mazoezi ya kusoma kwa sauti, waimbishaji 2, walinzi 4 kwa zamu mbili, wapishi 3, walezi wa watoto 2, na mhudumu mmoja wa afya. Mwisho, chagueni wazee watatu, angalau mmoja akiwa mwanamke, wa kusikiliza toba na kupima maneno. Kazi yao iko kwenye hatua ya 5 na ya 7.

Majirani na mwenyekiti wa mtaa waarifiwe siku 7 kabla, kwa mdomo na kwa barua. Kelele za usiku zina sheria, na msimamizi wake ni mamlaka ya mazingira ya nchi yenu, kama NEMA kwa Kenya na Uganda. Kanuni za Kenya za 2009 zinaweka desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, kiwango ambacho spika ya nje inakivuka ikiwashwa tu. Msiweke spika za nje kabisa. Jirani aliyenyimwa usingizi kwa jina la Yesu ni mgumu sana kumwalika kanisani baadaye.

## Hatua ya 1: Patanisheni watu, wiki 3 kabla

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua mengine. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anamwambia mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu akapatane na ndugu yake kwanza. Watu wasiosalimiana wanaweza kuimba sauti ya pili na ya tatu kwenye kwaya moja kwa miaka kumi. Wakikaa kimya mbele za Mungu dakika kumi tu, ugomvi ule ndio wa kwanza kuja kichwani.

Wazee wakutane na kuandika ugomvi unaojulikana, usiozidi mitano. Ugomvi wa usharika unajulikana ulipo: kwaya mbili, mchango wa ujenzi, shamba la kanisa, cheo kilichochukuliwa, posa iliyovunjika. Kisha:

1. Wazee wawili waende kwa kila upande peke yake. Wasikilize, wasihukumu.
2. Wakikubali pande zote, wakutanishwe nyumbani kwa mtu wa tatu, wala si ofisini. Dakika 45 zinatosha.
3. Kila mmoja aseme alichokosa yeye. Akianza kueleza kosa la mwenzake, mrudisheni taratibu.
4. Asiyekubali aachwe kwa heshima. Jina lake lisitajwe kwenye mikrofoni, wala lisiombewe "kwa mafumbo" ambayo kila mtu anayaelewa.

Hesabu za fedha nazo ni sehemu ya kupatana. Jumapili moja kabla ya mkesha mhazini asome mapato na matumizi, hasa ya ujenzi. Usharika ukiombea jengo likamilike wakati hesabu za saruji hazijasomwa, maombi huwa mazito kama kubeba mawe, na kila mtu anajua sababu ila hakuna anayeitaja.

Onyo kubwa: mke anayepigwa na mumewe hahesabiwi kwenye upatanisho huu. Msimsukume asamehe ili mkesha uende vizuri. Kwanza usalama wake. Kwa Tanzania, vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na mzee mwanamke amsindikize huko akikubali.

Msisubiri ugomvi wote uishe. Wawili waliokuwa hawasalimiani wakionekana wamesimama nje ya kanisa wakiongea, hata kama ni habari za mvua, endeleeni.

## Hatua ya 2: Chagueni andiko moja na jambo moja

Mikesha yenye hoja kumi na mbili za maombi huishia kwenye orodha. Chagueni andiko moja litakalosomwa usiku mzima. Kutoka 33:7-23 linafaa sana: Musa nje ya kambi kwenye hema ya kukutania, akikataa kuondoka bila Bwana kwenda pamoja nao. Mistari ni 17 tu, na ndani yake mna ombi, hofu, ujasiri na jibu. Mengine mazuri ni 1 Samweli 3:1-10, Isaya 6:1-8 na Luka 24:13-35.

Jambo nalo liwe moja, liandikwe kwa sentensi ambayo mtoto wa darasa la nne anaielewa: "Tunataka Mungu atufundishe kumsikiliza." Wapeni watu andiko hilo wiki mbili kabla, walisome kwenye jumuiya zao.

Kuhusu kufunga: wenye afya wafunge Ijumaa kuanzia asubuhi hadi saa 12 jioni, wakinywa maji, kisha wale chakula chepesi kabla ya kuja. Tumbo tupu kabisa kwa saa 24 halileti utulivu; linaleta kizunguzungu saa 8 usiku. Wasifunge wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo, na wanaotumia dawa zinazohitaji chakula.

Dawa isiachwe, iwe ya presha, ya kifua kikuu au ARV. Tangazeni hilo wazi Jumapili kabla. Mhubiri mgeni akisimama na kuwaambia watu waache dawa ili waonyeshe imani, kiongozi wa usiku amkatishe hapo hapo, mbele ya watu.

## Hatua ya 3: Pangeni jengo, saa 10 jioni

Mabenchi yapangwe pande mbili zikitazamana, njia pana katikati. Watu wanaoona nyuso za wenzao huomba pamoja. Wanaoona visogo hungojea mtu wa mbele afanye kitu.

Mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mita 12 kutoka kwa msomaji. Hapo sauti ya kawaida inafika bila spika, na mikrofoni itahitajika kwa kusoma tu, wakati mvua inapiga bati.

Katikati wekeni meza moja yenye Biblia iliyofunguliwa, na mkeka mbele yake kwa wanaotaka kupiga magoti. Ondoeni bango la harambee. Milango yote iwe bila kufuli usiku kucha, na njia ya kutokea isizibwe na vyombo vya muziki.

Simu zizimwe. Msirushe mkesha mtandaoni: mtu akijua kamera inamwangalia, hata toba yake inatafuta pembe nzuri.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Kaeni watano humo ndani dakika tatu bila kusema. Sikilizeni: feni inayogonga, mlango unaolia, friji ya ofisini. Kila mtakachokisikia wakati huo kitasikika mara mbili usiku. Kirekebisheni.

## Hatua ya 4: Kuingia, saa 3:00 hadi 4:30

Msianze na matangazo wala utambulisho wa wageni. Kiongozi aseme, "Karibuni. Tuko mbele za Mungu. Tukae kimya dakika mbili." Kisha akae.

Hapa wengi hushindwa, kwa sababu ya kinanda. Mpiga kinanda amezoea kujaza kila upenyo kwa sauti laini, naye anadhani anasaidia. Mwambieni mapema, kwa upendo: ukimya ukianza, mikono itoke kwenye kinanda. Mungu alipomjia Eliya Horebu, upepo ulipita, tetemeko likapita, moto ukapita. Ndipo ikaja sauti ndogo ya utulivu (1 Wafalme 19:11-13). Tungekuwa tumeweka kinanda pale, Eliya asingeisikia.

Namna ya kuongoza ukimya ina sehemu nne. Taja urefu wake, ili watu wasikae wakijiuliza. Taja la kufanya: "Mwambie Mungu umekuja na nini moyoni." Nyamaza wewe mwenyewe, usisafishe koo, usifunue kurasa. Maliza kwa neno moja, "Amina", kwa sauti ya chini.

Baada ya dakika hizo mbili isomwe Zaburi ya 95, kisha ziimbwe nyimbo tatu ambazo kila mtu anazijua bila kitabu. Kwaya ikae ndani ya watu, iwabebe kwa sauti, isisimame mbele. Kwaya ikisimama mbele usharika unageuka watazamaji, na kumrudisha mtazamaji kwenye maombi huchukua nusu saa. Ngoma ipigwe kwa viganja, kwa upole.

Malizieni kwa ukimya wa dakika 5. Mtu akipiga kelele "Haleluya!" katikati, msimkemee; anaogopa ukimya kama tunavyouogopa wote mwanzoni. Kikohozi kitapungua kufikia dakika ya tatu. Kikipungua, na watoto wakaanza kunong'ona badala ya kupiga kelele, watu wameingia.

## Hatua ya 5: Toba, saa 4:30 hadi 6:00

Someni Zaburi ya 51 yote, polepole. Gaweni kadi. Kila mtu aandike anachotaka kukiacha kwa Mungu, akunje, asionyeshe mtu. Asiyejua kuandika achore alama, Mungu anaisoma. Ukimya wa dakika 10.

Kadi zikusanywe kwenye sufuria, zichomwe nje mbele ya watu, palipo salama. Mtu asizifungue. Ikijulikana kwamba kadi moja tu ilisomwa, hakuna atakayeandika ukweli tena katika kanisa hilo.

Wakati huo huo wale wazee watatu wakae kwenye kona, wakionekana na watu wote lakini wasisikike. Anayetaka kusema na mtu aende.

Toba ya hadharani ina nguvu. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki wanaijua tangu miaka ya 1930 kwa jina la kutembea nuruni. Ina hatari pia. Wekeni mipaka minne: dhambi yako mwenyewe tu, bila kumtaja mwenzio, bila kueleza uzinzi kwa kina, dakika mbili. Mtunza muda asimame karibu.

Likitajwa kosa dhidi ya mtoto, hiyo si siri ya maungamo. Wazee wahakikishe mtoto yuko salama usiku huo huo, na asubuhi jambo lifike polisi au ustawi wa jamii.

Kisha mchungaji atangaze msamaha kwa sauti wazi, kwa 1 Yohana 1:9. Wengi husahau sehemu hii kabisa, wakaenda moja kwa moja kwenye maombi ya ada na kazi, na watu wakabaki na mizigo waliyokuwa wameitua. Baada ya tangazo hilo imbeni wimbo mmoja wa furaha, kwa kusimama. Hapo ngoma ipigwe sawasawa.

## Hatua ya 6: Neno, saa 6:00 hadi 7:30

Andiko mlilochagua lisomwe mara tatu na wasomaji watatu tofauti, mwanamume, mwanamke na kijana.

Mara ya kwanza watu wasikilize tu, Biblia zimefungwa. Mara ya pili kila mtu ashike neno moja lililomgusa. Mara ya tatu aligeuze neno hilo kuwa ombi. Kila baada ya kusoma, ukimya wa dakika 5. Kisha watu wageukiane wawili wawili, kila mmoja amwambie mwenzake neno alilolishika, bila kulihubiri.

Mahubiri yasizidi dakika 15. Tunajua wahubiri wataumia kusikia hivyo. Lakini hata Paulo, aliponena mpaka usiku wa manane kule Troa katika chumba chenye taa nyingi, kijana Eutiko alizidiwa na usingizi akaanguka kutoka orofa ya tatu (Matendo 20:7-12). Kama jengo lenu lina madirisha mapana, mtu asikae juu yake.

Saa 7:30 chai. Dakika 30, nje, kwa sauti za chini. Msiahirishe chai ili "roho isikatike". Maji ya moto na hewa ya nje ndivyo vitakavyowavusha watu kwenye saa zinazokuja.

## Hatua ya 7: Saa ngumu, 8:00 hadi 10:00

Kuelekea alfajiri mwili hushuka joto na macho hayafunguki hata kwa mtu mwenye imani kubwa. Si pepo la usingizi. Ndivyo Mungu alivyouumba mwili. Kwa hiyo msitegemee nguvu za mhubiri, badilisheni mkao kila dakika 20.

Anzeni na Zaburi za kupandia, 120 hadi 134. Ni Zaburi 15 zenye jumla ya mistari 101. Upande mmoja wa mabenchi usome mstari, upande wa pili ujibu mstari unaofuata, wote wamesimama, bila mikrofoni. Inachukua kama dakika 20. Zaburi ya mwisho inawaita wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana, na ikifika hapo saa 8:20 usiku, watu huielewa bila mahubiri.

Kisha gawanyikeni makundi ya watatu watatu. Katika kundi la watu 100 huomba wale wale saba. Katika kundi la watatu hata aliyebatizwa mwezi jana hufungua mdomo. Kila kundi lipewe majina matatu: mgonjwa, jirani asiyeamini, mtoto wa usharika. Ugonjwa wa mtu usitajwe bila ruhusa yake. "Tumwombee Mama fulani" inatosha, Mungu anajua anaumwa nini.

Baada ya hapo wote watoke, walizunguke jengo mara moja kimya kimya, warudi, wapige magoti wanaoweza.

Aliyelala afunikwe, aachwe. Kumkemea aliyetoka shambani saa 11 jioni hakumjengi yeyote.

Mambo mawili hutokea zaidi katika saa hizi.

Mtu anasema amepewa ujumbe. Ausemee kwanza mbele ya wale wazee watatu, pembeni. Paulo anaagiza maneno ya namna hii yapimwe (1 Wakorintho 14:29). Wapime kwa maswali haya: Linapatana na Maandiko? Linamwinua Kristo, au msemaji? Linagusa ndoa, fedha, au kumtuhumu mtu uchawi? Likigusa moja ya hayo matatu, lisifike kwenye mikrofoni usiku huo. Nyumba za watu zimevunjika kwa neno moja la saa 9 usiku ambalo hakuna aliyelipima.

Mtu anaanguka. Mwiteni mhudumu wa afya kabla ya mwombaji. Inaweza kuwa kifafa, sukari iliyoshuka, au presha. Ondoeni mabenchi yaliyo karibu, wekeni nguo laini chini ya kichwa, angalieni saa. Msimshike kwa nguvu, msimtie kitu mdomoni. Degedege likiisha, mlazeni ubavu. Likizidi dakika 5 au likirudia, gari liondoke hospitali mara moja, na mtu mmoja amwombee njiani. Mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho apewe maji ya sukari, akiwa na fahamu tu.

Sadaka isikusanywe katika saa hizi. Kikapu kimoja mlangoni tangu jioni kinatosha, na mtu asikitangaze.

## Hatua ya 8: Kungojea asubuhi, saa 10:00 hadi 12:00

Zimeni taa zote isipokuwa moja, ile ya karibu na Biblia. Msomaji asome Zaburi ya 130, ya nafsi inayomngoja Bwana kuliko walinzi wanavyoingoja asubuhi. Kisha ukimya wa dakika 20.

Ni ukimya mrefu, na mngeujaribu saa 3 usiku usingewezekana. Sasa unawezekana kwa sababu watu wamefika kwa ngazi: dakika mbili, tano, kumi. Majogoo watawika. Kama kuna msikiti karibu, adhana itasikika. Msipandishe sauti kushindana nayo, kaeni kimya mwendelee kungoja.

Wengine watalia. Wengine watatabasamu. Wengi hawatahisi kitu. Usimwite mtu mbele aeleze alichohisi, wala usiwaambie waliobaki kwamba wamekosa. Yakobo kule Betheli aliamka usingizini ndipo akatambua kwamba Bwana alikuwa mahali pale naye hakujua (Mwanzo 28:16). Alikuwa amelala fofofo, kichwa juu ya jiwe, na Mungu alikuwapo.

Kama dhehebu lenu linaruhusu na aliyewekewa mikono yupo, hapa ndipo pa Meza ya Bwana, kuanzia saa 11:00. Mkate na vikombe viwe vimeandaliwa tangu jioni na kufunikwa, ili asitokee mtu wa kukimbizana na sahani. Kama hairuhusiwi, someni Luka 24:28-35 na mshukuru.

Saa 11:30 watu watoe shukrani kwa sentensi moja moja, wakiwa wamekaa. Kisha baraka ya Hesabu 6:24-26, na kufunga saa 12:00 kamili. Mkifika saa 12:40 mtakuwa mmewaibia akina mama wenye watoto wa kuandaa asubuhi.

## Hatua ya 9: Wiki 4 zinazofuata

Wazee wakutane ndani ya siku 3. Swali la kwanza lisiwe "watu walihisije?" Waulize: nani amelipa deni, nani amesalimiana na nani, nani ametembelewa, nani ameanza kurudi kwenye jumuiya. Majibu mawili au matatu ya kweli ni mavuno makubwa.

Waliotubu mbele ya wazee watembelewe ndani ya siku 7, na mzee yule yule aliyewasikiliza. Kila jina lililoombewa lifikiwe na angalau mtu mmoja kutoka kundi la watatu lililoliomba.

Msipange mkesha mwingine kabla ya miezi 3. Badala yake wekeni ukimya wa dakika mbili katika kila ibada ya Jumapili, mara tu baada ya somo, kinanda kikiwa kimya. Wiki mbili za kwanza watu watatazama saa. Wiki ya nne wakianza kufumba macho kabla hawajaambiwa, usharika umeanza kuzoea.

Ndoo na mikeka ya kuazima irudishwe Jumamosi kabla ya saa 6 mchana, ikiwa safi. Jumatatu mzee mmoja apite kwa majirani wote walioarifiwa, aulize kama walilala, na aandike walichosema kwenye daftari la mikesha.